Ngozi Iliyoloa: Wanyama wa Kwato na Tope la Dar es Salaam

Dermatophilus congolensis ni bakteria wa ngozi anayesubiri maji. Ngozi ikiwa kavu, hujificha ndani ya gamba la kidonda cha zamani kwa miezi mingi bila kufa na bila kumdhuru mnyama. Ngozi ikiloa mfululizo, hutoa chembe ndogo zenye mkia, nazo huogelea katika unyevu ulioshika manyoya zikifuata kaboni dioksidi inayotoka mwilini. Zikikuta mahali palipochubuka, palipoumwa na kupe au palipolainika kwa kukaa majini, huota nyuzinyuzi na kupenya tabaka la juu la ngozi. Mwili humwaga majimaji na usaha chini ya nyuzi hizo na kuotesha ngozi mpya. Bakteria huipenya hiyo nayo. Mwishowe hujengeka gamba nene, tabaka juu ya tabaka, na manyoya husimama juu yake mafungu mafungu kama brashi ya rangi iliyokaukia. Likibanduliwa, hutoka na manyoya yake na kuacha nyama mbichi.

Aliyemweleza bakteria huyu kwa mara ya kwanza alikuwa daktari wa mifugo Mbelgiji, René Van Saceghem, mwaka 1915, baada ya kumwona kwenye ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji. Ndiyo maana jina la nchi hiyo limo ndani ya jina lake. Tangu hapo amekutwa kwa kondoo, mbuzi, punda, farasi na wanyama wa porini. Mwaka 1961 iliripotiwa kwamba watu waliomshika kulungu mgonjwa katika jimbo la New York nao waliota vipele vyake mikononi.

Kwa farasi ugonjwa una sura mbili. Mvua ikimnyeshea siku nyingi, magamba hutokea mgongoni na kiunoni, maji yanapotiririkia. Akisimama topeni, hutokea miguuni, nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato, mahali penye mikunjo na ngozi laini. Hapo bakteria huyu hayuko peke yake. Staphylococcus huingia katika ufa uleule, na mara nyingi utitiri wa miguuni huwa umeshatangulia kumfanya mnyama apige kwato chini na kujikwaruza. Mguu huvimba, huwa moto, na farasi huchechemea. Wenye miguu myeupe huteseka zaidi, kwa kuwa ngozi yao isiyo na rangi huungua pia kwa jua.

Govi la farasi dume lina taabu yake, inayotokana na uchafu huohuo. Tezi za ndani hutoa mafuta mazito. Yakichanganyika na tope, mkojo na jasho hugeuka utando mweusi unaonata. Katika hali ya kawaida bakteria wengi wasio na madhara huishi humo kwa amani, wakiwazuia walio hatari. Mazingira yakiharibika, au mwenye farasi akizidisha kuosha kwa sabuni kali, nafasi huchukuliwa na akina Pseudomonas na Klebsiella. Govi huvimba na kunuka, na mnyama hushindwa kutoa uume anapokojoa. Nchi za joto huongeza nzi, ambao huacha mabuu ya mnyoo aitwaye Habronema kwenye ngozi yenye unyevu. Mabuu hayo hufanya donda lisilofunga hadi mvua zipite na nzi wapungue.

Dar es Salaam ina kila kinachohitajika kwa maradhi haya. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli huja Oktoba hadi Desemba, na jumla ya mvua ya mwaka hufika kiasi cha milimita 1,000 au zaidi. Ukanda wa pwani ni wa kichanga na hunywa maji haraka. Nyuma yake kuna mabonde yenye mfinyanzi: Msimbazi katikati, Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, na mito ya Mbezi na Tegeta upande wa Kinondoni. Mabonde hayo hushika maji wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Hata hivyo historia ya maradhi ya tope mjini hapa ina jambo la ajabu: farasi, mnyama anayetajwa zaidi katika vitabu vya maradhi hayo, zamani hakuishi hapa muda wa kutosha ili ayaugue. Maradhi mengine yalimwahi.

La kwanza lilikuwa nagana, linalosambazwa na mbung'o. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba chanzo chake ni kimelea kinachoogelea katika damu, ambacho baadaye kilipewa jina lake. Vichaka vya pwani, kuanzia misitu ya Pugu hadi kingo za mito, vilikuwa makao ya mbung'o. La pili lilikuwa homa ya farasi ya Afrika, ya virusi vinavyobebwa na visubi, inayoweza kuua farasi tisa kati ya kumi wanaoupata ugonjwa huo bila kinga. Punda na pundamilia huambukizwa lakini huugua kwa nadra. Tofauti hiyo moja inaeleza mengi kuhusu nani alipanda nini pwani ya Afrika Mashariki.

Maangamizi ya farasi yalishuhudiwa mapema. Msafara wa Mreno Francisco Barreto, uliotumwa kutoka Lisbon mwaka 1569 kwenda bonde la Zambezi, uliona farasi wake wakifa mmoja baada ya mwingine. Kasisi Monclaro aliyefuatana nao aliandika habari hizo. Wareno waliwashuku Waislamu wa Sena kwamba wamewalisha wanyama sumu, na wengi wao wakauawa kwa tuhuma hiyo. Wadudu wa kando ya mto hawakushukiwa na mtu.

Zanzibar farasi waliweza kukaa, kwa kuwa waliishi mjini, chini ya paa, wakihudumiwa na watumwa na watunzaji wa jumba la kifalme. Sultani Seyyid Said alipenda farasi wa Kiarabu, na meli yake Sultanah ilipofika New York mwaka 1840 ilibeba wawili kama zawadi kwa rais wa Marekani. Lakini watu wa kawaida wenye uwezo, na hata wengi wa nyumba ya Sultani, walipanda punda weupe wa Maskati, warefu na wenye mwendo laini. Bara walikuwako punda wadogo wa kijivu, wagumu na wabishi, ambao bei yao ilikuwa ndogo na uhai wao mrefu zaidi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo, kaskazini kidogo ya Dar es Salaam, akiwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Mmoja wa farasi hao, wa kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walikufa Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, njia ikiwa imelowa kwa mvua. Stanley alimpasua mmoja na kukuta minyoo tumboni. Mtawala wa Kingaru akadai fidia ya nguo kwa sababu mnyama amezikwa katika ardhi yake. Punda nao walipungua njiani. Msafara wa Richard Burton wa mwaka 1857 ulikuwa umeshapatwa na hayohayo, kiasi kwamba mizigo ilirudi vichwani mwa wapagazi.

Mji wa Dar es Salaam wenyewe ulikuwa mchanga wakati huo. Sultani Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na alipofariki mwaka 1870 ulilala. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni mwaka 1891, mwaka uleule ambao sotoka ilikuwa ikifagia ng'ombe wa bara. Maofisa walileta farasi na nyumbu wachache; maofisa wengine walivutwa na watu kwa riksho. Nje ya mitaa ya mji, huko ambako sasa ni Kinondoni na Temeke, Wazaramo walilima mpunga mabondeni, mihogo na minazi, na ng'ombe hawakuwa sehemu kubwa ya maisha yao. Mbung'o na kupe walikuwa wameshalipitisha azimio hilo zamani.

Robert Koch alikaa Dar es Salaam kati ya 1897 na 1898, akiwa ametoka kushughulikia sotoka Afrika Kusini na tauni huko Bombay. Alichunguza damu ya ng'ombe wa pwani na kuona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni hatua ya ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana tayari. Miaka michache baadaye ng'ombe walianza kufa kwa wingi Rhodesia. Koch aliitwa huko mwaka 1903, akatambua kimelea alichokwisha kukiona Dar es Salaam na kuuita ugonjwa homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wa Tanzania huuita ndigana kali. Ng'ombe wa pwani waliouona utotoni na kupona waliishi nao, wageni walianguka.

Habari ya kupe inahusu ngozi moja kwa moja. Kupe mkubwa mwenye mapambo ya rangi mgongoni, Amblyomma variegatum, hahitaji kumbeba bakteria wa ngozi ili amsaidie. Mate yake hupunguza nguvu ya kinga ya ng'ombe, na magamba ambayo yangebaki madogo huenea mwili mzima. Visiwa vya Karibiani vilijifunza hivyo kwa gharama: kupe huyu alipovuka bahari pamoja na ng'ombe kutoka Afrika Magharibi, ugonjwa wa ngozi uliua mifugo mahali ambapo zamani ulikuwa kero tu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikamilisha hesabu ya farasi. Mapema mwaka 1916 kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer kilikimbilia Kondoa katikati ya masika. Wanyama walikufa kwa maelfu katika kampeni hiyo, kwa nagana, kwa homa ya farasi, kwa njaa na kwa kuzama topeni. Miguu iliyooza kwa tope lazima ilikuwa mingi, ingawa katika vita ile farasi aliyeishi kiasi cha kuoza miguu alikuwa na bahati. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Kazi ya wanyama waliokufa ilifanywa na binadamu, wapagazi wa jeshi waliokusanywa kutoka Afrika Mashariki yote, na kambi yao ya Dar es Salaam, Carrier Corps, ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo.

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu ya mifugo ilikuwa na kitovu chake Mpwapwa, kwenye maabara iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Dar es Salaam ilikuwa mahali ambapo ng'ombe walifikia mwisho wa safari. Reli ya Kati, iliyoanzia bandarini mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, iliwaleta kutoka Dodoma, Tabora na Shinyanga, wengine walitembea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilijengwa Kawe, na viwanja vyake vingali vinaitwa kwa jina hilo ingawa siku hizi hukusanya waumini na watu wa mikutano. Ng'ombe wa namna hiyo hakukaa sana topeni. Aliyeumia kwa ugonjwa wa ngozi alikuwa mfanyabiashara wa ngozi: gamba la bakteria, kovu la kupe na chapa ya moto vilishusha daraja la bidhaa, na idara ya mifugo ilitumia nguvu nyingi kuwafundisha watu kuwamba ngozi kivulini badala ya kuitandaza chini juani.

Majosho yalifanya zaidi. Kwa kumtumbukiza ng'ombe katika maji ya aseniki, na baadaye dawa za viwandani, shabaha ilikuwa ndigana. Maradhi ya ngozi yalipungua kwa sababu kupe walipungua. Dawa iliyotiwa kupita kiasi, hata hivyo, iliunguza ngozi, na ngozi iliyoungua ni mlango uleule ambao bakteria anautafuta.

Temeke ilipata nafasi yake katika habari hii kupitia taasisi ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyojulikana kwa miaka mingi kama ADRI. Mwaka 2012 shughuli zake ziliingia katika Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na makao yake yamebaki palepale. Abiria wa daladala wanaoshuka kituo cha Veterinari wengi wao hawana hata kuku, lakini jina hilo wamelizoea.

Tope lilimpata mnyama wake hatimaye katika miaka ya 1980, naye alikuwa ng'ombe wa maziwa. Uchumi ulikuwa umeyumba, mishahara haikufikisha mwezi, na maziwa yalikuwa haba. Watumishi wa umma, walimu, wauguzi na maofisa wenye viwanja vikubwa Mbezi, Msasani, Kunduchi, Mbagala na Yombo walianza kufuga Friesian na Ayrshire chotara nyuma ya nyumba. Ng'ombe mmoja mwenye lita kumi kwa siku aliweza kuleta fedha kuliko ajira ya mwenyewe. Serikali, ambayo mara kadhaa ilikuwa imewafukuza wanyama mjini, ilikuta waliokuwa wakifuga ni watu wake wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni za mji ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, wafungiwe ndani na kupelekewa majani. Kanuni hiyo ilivunjwa wazi, na mara nyingi na wale waliojua maandishi yake vizuri.

Kumfungia ng'ombe ndani kulimwondoa kwa kupe wa malishoni, na hilo liliokoa maisha mengi. Lakini kulimweka mahali pamoja mchana na usiku. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa kinyesi kilo nyingi kwa siku na mkojo kwa ndoo, na katika banda la miti lenye sakafu ya udongo, masika ikianza, vyote huchanganyika na maji yanayoingia kutoka paa la jirani. Kwato hulainika na kuoza katikati, ufa hutokea nyuma ya kisigino, magamba hupanda mguuni hadi kwenye kiwele. Ng'ombe akilala hapo, chuchu zake hulala ndani ya tope, na uvimbe wa kiwele hufuata. Mfugaji huona kwanza maziwa yamepungua. Mguu humshtua baadaye, akishaona ng'ombe hainuki kula. Chotara mwenye damu nyingi ya Kizungu alikuwa dhaifu kuliko Zebu wa kienyeji kwa kila hali: mzito, ngozi laini, na joto la pwani lilimpunguzia hamu ya kula.

Tiba za mtaani zilikuwa nyingi. Maji ya majani ya mwarobaini yalitumika kuoshea vidonda, nayo angalau yalisafisha. Chumvi ilisuguliwa juu ya gamba. Oili chafu ya gari, iliyopatikana bure kwenye gereji za Temeke na Manzese, ilipakwa miguuni kufukuza nzi, na hapa desturi ilikosea, kwa kuwa mafuta yaliziba unyevu ndani pamoja na bakteria na kuiunguza ngozi. Sindano ya oksitetrasaiklini, inayoitwa OTC na kila mfugaji, ilifanya kazi vizuri kwa bakteria huyu. Ile ya kudumu hutolewa kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kilo ya uzito. Taabu ilikuwa katika maziwa. Dawa hubaki ndani yake siku kadhaa, na mtu aliyefuga ili auze chupa za asubuhi hakuwa tayari kumwaga maziwa kwa wiki nzima.

Huduma za mifugo nazo zilibadilika wakati huohuo. Kitivo cha veterinari kilifunguliwa Morogoro mwaka 1976, kikaingia Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoanzishwa 1984, na wahitimu wake wakakuta ajira za serikali zikifungwa. Wengi wakajitegemea, wakizunguka Kinondoni na Temeke kwa pikipiki na boksi la dawa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ikaweka utaratibu wa nani aruhusiwe kutibu. Bwana mifugo aliyefika kwenye banda lenye tope alikuwa na ushauri uleule kila mara: sakafu ya zege yenye mteremko na mikwaruzo ili mnyama asiteleze, mfereji wa mkojo, paa lenye kuchuruza nje, na mahali pa kulala palipoinuka. Zege ni ghali, hivyo wengi walianza na eneo la kukamulia tu, au walitandaza maranda kutoka kwa maseremala na kuyabadilisha yakilowa. Waliofanya hata hayo machache waliona tofauti msimu uliofuata. Gamba lilihitaji kulowekwa kwa iodini au klorheksidini, kubanduliwa taratibu, kukusanywa na kuchomwa, kisha mguu kukaushwa kabisa. Bila sakafu kavu, kazi hiyo ilirudiwa kila Aprili.

Mji uliendelea kukua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541 mkoani na ya 2022 ikafika 5,383,728. Viwanja vya nyuma viligeuka vyumba vya kupanga, na mabonde ambako majani yalikatwa yakajengwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifuta mabanda ya Msimbazi pamoja na nyumba, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande, mwisho wa Kinondoni. Wilaya mpya za Ubungo na Kigamboni zilipotengwa katika miaka ya 2015 na 2016, ng'ombe wengi wa maziwa walikuwa tayari wamesogea nje, kuelekea Chanika, Kibaha na Mkuranga, kwenye ardhi nyingine ya mfinyanzi.

Farasi wa mjini leo ni wachache: wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, na wa watu wanaopenda kupanda. Kwa hao masharti ni ya zamani. Miguu hukaguliwa kila siku wakati wa masika, tope huachwa likauke kisha hupigwa brashi badala ya kusuguliwa kwa maji, manyoya marefu ya kifundo hukatwa. Govi huoshwa kwa maji ya vuguvugu bila sabuni kali, mara chache kwa mwaka, na uvimbe usiopungua huitiwa daktari, kwa sababu unaweza kuwa nagana au ugonjwa mwingine wa damu unaojionyesha hapo kwanza. Utambuzi wa gamba la Dermatophilus hauhitaji mashine ya gharama. Kipande chake hupondwa katika tone la maji, hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa darubini, ambapo nyuzi huonekana zimegawanyika katika safu pacha za vidoa. Kipande hicho hupelekwa maabara ndani ya bahasha ya karatasi, kikiwa kikavu. Kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho, vijidudu vingine humea, na jibu hupotea.